Ndege ya Madina ni Saa Ngapi

Baba yangu hakuwa mtu wa kuuliza kilomita. Aliuliza saa. Alitengeneza baiskeli pale Kondoa mjini kwa zaidi ya miaka arobaini, na kabla ya hapo, ujanani, aliziendesha zikiwa na magunia ya mbaazi kwenda minadani, kwa hiyo umbali kwake ulikuwa jambo la miguu na jua. Mgeni akifika nyumbani, salamu zikiisha tu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Njiani mmetumia saa ngapi?" Ukimjibu, anatulia kidogo kama mtu anayepiga hesabu, kisha anakueleza safari hiyohiyo enzi zake ilichukua muda gani.

Baba ni Mrangi na mama yetu ni Mnyaturu, ndiyo maana sisi watoto tulilelewa kwa Kiswahili. Kiswahili cha baba kina uzito wa Kirangi, lakini ndicho alichotuonyea na ndicho alichotubembelezea. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba yaliyotupata hayakuletwa na lugha ya wageni. Mimi na baba yangu tuliongea lugha moja, na bado tulipishana.

Alikwenda umra mwaka jana, akiwa na miaka sabini na mitatu na ugonjwa wa kisukari. Kikundi chao kilikuwa cha watu kumi na wanne pamoja na kiongozi, wengi wao wazee wa Kondoa, wakiongozwa na ustadhi mmoja anayefundisha madrasa mtaani kwetu. Ustadhi alikuwa kijana ukimlinganisha na watu wake, hajafika arobaini, na ilikuwa mara yake ya pili kuongoza msafara. Mpango ulikuwa waruke Dar es Salaam alfajiri, washuke Jidda asubuhi, wakae uwanjani hapohapo hadi alasiri, kisha wapande ndege ya ndani kwenda Madina. Makka wangekwenda baadaye kwa basi.

Kabla ya kuondoka, baba alikaa kwangu Nkuhungu, Dodoma, siku tatu. Mimi nafanya kazi masijala, chumba cha kutunzia majalada, katika ofisi moja ya serikali kule Mtumba. Natoka asubuhi, narudi jioni. Kila nikirudi nilimkuta kibarazani amevaa viatu vipya vya safari, anavizoeza miguu.

"Hebu nionyeshe tena," alisema jioni ya kwanza, nikiwa sijatua hata mkoba.

Nikatoa simu, nikamfungulia ramani. Nikamwonyesha Jidda kando ya bahari na Madina juu yake, kaskazini, na mstari unaounganisha miji hiyo miwili. Kwa ndege ni kama kilomita mia tatu na thelathini hivi. Kwa barabara inazidi mia nne. Baba aliweka kidole Jidda, akakisogeza taratibu hadi Madina, kidole chenye kucha nyeusi ya mafuta ya minyororo ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuitoa.

"Ni kama kutoka hapa kwenda Kondoa na kurudi."

"Ndiyo baba, haizidi sana hapo."

"Na hiyo ndege ya Madina ni saa ngapi?"

"Saa moja."

"Saa moja!" Alicheka. "Sisi kutoka Kondoa kuja hapa na lori la pamba tulikuwa tunalala njiani."

Jioni ya pili aliniuliza tena, na ya tatu vilevile, na hakuwa amesahau. Alipenda tu kulisikia lile jibu. Ndege ya Madina ni saa ngapi? Saa moja, baba. Kisha anacheka, anatikisa kichwa, anarudia hadithi ya lori. Asubuhi ya kuondoka, nikimsindikiza stesheni ya treni ya umeme, aliuliza treni itachukua saa ngapi hadi Dar, na alipojibiwa akanigeukia kunikumbusha kwamba hata hivyo ndege ya Madina inaishinda.

Nilikuwa nimemfungulia WhatsApp kwenye simu yake na kumfundisha kurekodi sauti: bonyeza hapa, usiachie, sema, achia. Vidonge vya sukari nilimgawia katika mifuko miwili midogo. Mmoja uliingia kwenye begi la mkononi alilolibeba ustadhi, maana baba alikataa kubeba chochote zaidi ya pochi ya shingoni yenye pasipoti. Mwingine uliingia kwenye begi kubwa. Leo ningemwekea mfuko wa tatu kwenye kanzu.

Siku ya safari ilikuwa Jumanne. Masijala tulikuwa na ukaguzi wa majalada, na mkuu wangu wa kazi, mama mmoja mtulivu kutoka Iringa anayekaribia kustaafu, alikuwa ametuomba simu zikae kwenye mikoba. Asubuhi saa tatu na nusu nilipata ujumbe kwamba wameshuka Jidda salama. Nikashukuru, nikarudi kwenye rafu zangu.

Saa sita na robo simu ilitetemeka. Niliingia katikati ya kabati mbili, nikaiweka sikioni kwa sauti ya chini. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa baba. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na matangazo.

"Mama, sisi wazima. Hapa ndani kuna baridi, we acha tu. Tumekula mkate na maziwa. Ustadhi ana shughuli na yule bibi wa kiti cha magurudumu, sitaki kumsumbua. Hebu niambie wewe, hii ndege ya Madina ni saa ngapi?"

Nilitabasamu peke yangu kati ya kabati. Nilidhani amelikumbuka lile jibu lake, au ameingiwa na woga kidogo wa kuruka mara ya pili kwa siku moja. Nikabonyeza, nikanong'ona: "Saa moja tu, baba. Wala usiwe na wasiwasi. Wewe pumzika."

Akajibu papo hapo: "Haya mama. Basi naswali adhuhuri na alasiri pamoja, halafu nijinyooshe."

Hilo la mwisho nililisikiliza nusu, kwa sababu mkaguzi alikuwa ananiita. Nikairudisha simu mkobani.

Saa tisa na dakika arobaini simu ikaita kwa mfululizo, ikakatika, ikaita tena. Mkuu wangu akanitazama juu ya miwani. "Pokea, mwanangu. Mtu hapigi hivyo bure."

Alikuwa ustadhi. Alikuwa anahema.

"Dada, samahani. Mzee amewasiliana na wewe?"

"Mzee yupi?"

"Baba. Hatumwoni. Ndege inaondoka saa kumi, watu wameshaingia. Simu yake haipatikani. Nimezunguka vyoo vyote, nimewaambia wamtangaze, wametangaza mara tatu."

"Si yuko na nyinyi?"

"Alikuwa na sisi hadi mchana. Dada, wanafunga mlango." Nilisikia mtu anamwambia kitu kwa Kiarabu, kwa ukali. "Nina wazee kumi na wawili humu ndani, na bibi hawezi hata kusimama. Siwezi kuwaacha washuke Madina peke yao. Nimeacha jina la baba hapa mlangoni. Nikitua nakupigia. Niombee."

Simu ikakatika. Nilijaribu namba ya baba. Haikuita. Nikajaribu tena, na tena, huku nimesimama katikati ya masijala na jalada la mtu fulani wa Rukwa mkononi.

Kilichonijia kwanza ni sukari. Alikula mkate asubuhi. Vidonge vyake vimeondoka na begi. Kama amezidiwa chooni, amejifungia, nani atajua? Mzee mwenye kanzu na kofia amelala sakafuni Jidda, ni nani atakayeshangaa, wazee wenye kanzu na kofia ndio wamejaa pale.

Nikampigia kaka yangu Kondoa. Ana duka la pembejeo karibu na stendi. Nilimweleza kwa sentensi mbili.

"Amemwacha?" Sauti yake ilipanda. "Ustadhi amepanda ndege amemwacha baba?"

"Alikuwa na wengine kaka, na mlango—"

"Hakuna cha mlango! Mtu unapewa mzee wa watu mkononi unamwacha nchi ya watu? Akipatwa na kitu baba, mimi na huyo kijana tutajuana."

"Usimwambie mama kwanza."

"Mama yupo hapa dukani amekaa, ananiangalia usoni," alisema, na nikasikia sauti ya mama nyuma ikiuliza kuna nini.

Ilikuwa saa kumi na dakika tano. Saa ya Jidda na saa ya Dodoma ni moja, hakuna cha kuongeza wala kupunguza, hivyo nilipotazama saa ya ukutani nilijua kabisa kwamba sasa hivi ndege imeinuka. Ustadhi yuko angani, simu imezimwa. Jidda nzima sina mtu. Kwa muda wa saa moja hakukuwa na binadamu yeyote ninayemjua, mahali popote, ambaye angeweza kwenda kumtafuta baba yangu.

Wenzangu walianza kufunga mikoba. Basi la wafanyakazi linaondoka Mtumba saa kumi na nusu. Mkuu wangu alibaki. Hakuuliza kama nataka abaki. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akaniletea maji.

"Mara ya mwisho aliongea na nani?"

"Na mimi. Alinitumia sauti saa sita."

"Alisema yuko wapi? Ifungue tuisikilize."

Nikaifungua, safari hii kwa sauti kubwa. Masijala ilikuwa kimya, na sauti ya baba ilijaa chumba chote. Hebu niambie wewe, hii ndege ya Madina ni saa ngapi? Kisha sauti yangu, ya kunong'ona, ya mtu mwenye haraka. Kisha yake tena, akisema anaswali na kujinyoosha.

Mkuu wangu aliinama karibu na simu. Akainua mkono. "Rudia."

Nikarudia. Kabla sauti haijafika mwisho nilikuwa nimeshaelewa. Nikaiweka simu mezani.

"Hapa mzee anauliza ndege inaondoka saa ngapi," alisema taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba. "Na wewe umemwambia saa moja."

"Nilimaanisha muda wa njiani. Kila siku ananiuliza muda wa njiani. Nilisema saa moja *tu*."

"Najua."

"Nimesema tu, mama. Mtu akisema saa moja tu si anamaanisha muda?"

Alinisogezea maji. Nilijishikilia kwenye neno hilo dogo kwa dakika kadhaa, nalirudia, kama vile nikilirudia vya kutosha litamfikia baba kule aliko na kumwamsha. Lakini nilijua alivyosikia. Aliuliza ndege ni saa ngapi, bintiye mwenye ramani zote mkononi akamwambia saa moja, akamwambia apumzike. Msafiri anaruhusiwa kukusanya adhuhuri na alasiri, kwa hiyo akaziswali zote mbili, na hakubaki na swala ya kumwamsha mpaka magharibi. Hakuwa na tiketi ya kuangalia, kwa sababu ustadhi alizishika zote zisipotee. Hata angekuwa nayo, ingemwonyesha kumi na sita nukta sifuri sifuri, na kwa baba yangu hiyo si saa ya mahali popote duniani.

Nilianza kulia. Mkuu wangu aliniacha kidogo, kisha akagonga meza kwa kidole.

"Sasa sikiliza. Kama anaamini ndege ni saa moja, basi hajapotea. Amelala mahali, na kabla ya saa moja atakwenda mlangoni mwenyewe. Mzee wa aina hiyo huwa anachelewa?"

"Hajawahi kuchelewa maishani mwake."

"Basi huyo kiongozi akitua mwambie mtu wa shirika la ndege akae pale mlangoni. Mwambie atakuja kabla ya saa moja."

Lilikuwa wazo zuri, na nililiogopa. Ili nimwambie ustadhi hivyo ilibidi nimwambie nimejuaje.

Tulikaa. Saa kumi na nusu, basi likaondoka. Saa kumi na dakika arobaini. Kaka alipiga mara tatu, mara ya tatu akiniambia amezungumza na watu wawili wa msikitini na wote wanasema ustadhi ana makosa. Niliona ujumbe wake unaingia kwenye kundi la familia, mrefu, wa hasira, na shangazi zetu wakiitikia chini yake mmoja mmoja. Nilikuwa na jibu mkononi. Nilianza kuliandika, nikalifuta.

Saa kumi na moja na dakika kumi na tano, ustadhi akapiga.

"Dada, ndiyo tumetua. Kuna habari?"

"Hakuna. Ustadhi, nadhani baba anafikiri ndege ni saa moja jioni."

"Saa moja? Kwa nini saa moja? Mimi nilitangaza saa kumi."

"Labda hakusikia. Labda alikuwa anatawadha. Waambie wa Jidda wamwangalie mlangoni kuanzia saa kumi na mbili. Na waangalie sehemu za kuswalia, huenda amelala."

"Lakini umejuaje?"

Mkuu wangu alikuwa ananitazama. Nikageuza uso ukutani.

"Nahisi tu," nikasema.

Ustadhi akakata simu. Alikwenda kwenye meza ya shirika, akawabembeleza, wakawapigia wenzao wa Jidda. Baadaye akanitumia ujumbe: mtu ataangalia, ila mabadiliko ya zamu ni saa kumi na mbili, tumwombe Mungu.

Jua la Dodoma lilishuka upande wa madirisha likachoma meza zetu, kisha likatoka. Mume wa mkuu wangu alipiga kuuliza mbona hajarudi. Akamwambia yuko na mgonjwa. Kila nilipofumba macho nilimwona baba anaamka, anavaa viatu vyake vipya, anakwenda mlangoni na kukuta watu asiowajua wanapanga mstari kwenda mji mwingine, naye anajiunga nao kwa sababu ni saa ile niliyomwambia. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote: kwamba atanitii mpaka mwisho.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano, simu. Namba ndefu ya kigeni.

"Mama?"

"Baba! Baba uko wapi?"

"Niko hapa mlangoni. Watu wetu siwaoni. Kuna kijana hapa wa shirika, amenishika mkono, hataki kuniachia. Amenipa simu yake. Mimi yangu niliizima, nilikuwa natunza chaji."

"Baba, unajisikiaje? Mwili?"

"Nina njaa tu na miguu inatetemeka kidogo. Nililala. Ndege si saa moja?"

Nilianza kulia tena. Mkuu wangu akaichukua simu kutoka mkononi mwangu.

"Shikamoo mzee. Mimi nafanya kazi na binti yako. Ndege ile imeshaondoka, lakini usiogope, wote wamefika Madina na wanajua uko hapo. Sasa ufanye mambo mawili. Usiachane na huyo kijana. Na kwa kuwa hujala, sukari isije ikashuka, mwombe kitu kitamu unywe sasa hivi, juisi, chai, chochote. Umenielewa?"

"Marahaba. Nimeelewa," nilimsikia baba akisema. Kisha akaongeza: "Mwambie binti yangu asilie."

Walimpa juisi na tende. Wakampakia ndege iliyofuata, wakamketisha mbele karibu na wahudumu, na ustadhi akampokea Madina kwa mikono yake miwili. Alinitumia picha: baba amekaa kwenye benchi, kofia imekaa upande, mfuko wa vidonge mapajani. Mkuu wangu alinirudisha Nkuhungu kwa gari lake. Njiani hakunihubiria. Nilipokuwa nashuka alisema tu, "Utawaambia, sivyo?" Nikasema ndiyo.

Sikuwaambia. Kesho yake nilijiambia nisubiri baba arudi. Aliporudi nikajiambia nisubiri wageni wake wapungue. Wakati huo kaka aliendelea. Aliacha kumsalimia ustadhi msikitini. Aliwaeleza wateja dukani jinsi baba yake alivyotelekezwa Uarabuni akiwa mgonjwa, na kila akisimulia, usingizi wa baba ulizidi kuwa mfupi na kosa la ustadhi likazidi kuwa refu. Siku moja mama alinipigia kuzungumza mambo ya nyumbani, na katikati ya mazungumzo akasema watu watatu waliojiandikisha kwenye msafara wa ustadhi wamejitoa. "Na huyu kijana naye hajibu neno," mama alisema. "Ananyamaza tu."

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi la asubuhi kwenda Kondoa.

Niliwakuta baba na kaka uani. Baba alikuwa amegeuza baiskeli ya jirani miguu juu, anakaza spoku; kaka amekaa kwenye kigoda. Nilimwamkia baba, nikakaa, nikatoa simu. Sikutafuta maneno. Niliwachezea zile sauti tatu kama zilivyo.

Kaka alisikiliza hadi mwisho. "Sijaelewa," akasema, ingawa uso wake ulikuwa umeshaelewa.

"Mimi ndiye niliyemwambia baba saa moja. Ustadhi hakukosea. Nimejua tangu siku ile, saa kumi jioni."

"Tangu siku ile." Alisimama. "Mwezi mzima unaniacha nasema?"

Baba hakuinua kichwa kutoka kwenye gurudumu. "Na mimi nilijua," alisema.

Tulimgeukia wote wawili.

"Nilipoambiwa pale mlangoni kwamba ndege imeshaondoka, nilijua tumepishana maneno. Nilimwambia ustadhi nilipitiwa na usingizi. Si uongo, nililala kweli."

"Na mimi baba? Mbona hukuniambia mimi?" Kaka aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa, si ya hasira tena. "Umenisikia nikimsema ustadhi humu ndani, umenyamaza?"

"Nilikukataza mara mbili."

"Ulinikataza kusema. Hukuniambia nimekosea."

Baba aliweka spana chini.  Kaka alitoka, mlango wa uani ukagonga.

Alirudi baada ya adhuhuri akaniambia niinuke. Tulikwenda kwa ustadhi kwa miguu. Tulimkuta nyumbani, amewaachia wanafunzi mapema. Mkewe alitutandikia mkeka, akaleta chai. Kaka ndiye aliyeanza, akasema alichokuja kusema, kwa ufupi, macho kwenye mkeka. Kisha nikasema mimi. Niliposema kwamba siku ile nilimdanganya, kwamba sikuhisi bali nilijua, ustadhi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa analisubiri neno hilo.

"Mimi sikuwakasirikia," alisema. "Nilijua mtu akiumia lazima atafute pa kushika. Ila ngoja niwaambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Kiti cha mzee kilikuwa karibu na changu. Tuliporuka kilikuwa kitupu. Mhudumu akapita na vinywaji, nadhani aliona tiketi mbili mkononi mwangu, yangu na ya mzee, akanipa juisi mbili. Nikazipokea zote mbili. Nilishindwa kumwambia kwamba mwenzangu hayupo. Nilikaa nazo mkononi hadi tunatua, sijanywa hata moja. Niliwaza: mzee ana sukari, na mimi ndiye nimeshika juisi yake huku angani."

Mkewe, aliyekuwa mlangoni, alijifuta uso kwa ncha ya kanga akaingia ndani.

Ustadhi alitusamehe, alitamka neno lenyewe, na nikaamini. Lakini alisema mwaka huu hataongoza msafara. Kaka alimsihi, akamwambia wale waliojitoa atawafuata yeye mwenyewe awaeleze ukweli. "Wafuate," ustadhi alisema. "Ni haki yangu uwafuate. Lakini mimi bado nahesabu watu usingizini. Niacheni kwanza."

Jumatatu kaka alifunga duka akaenda nyumba kwa nyumba. Mama alinisimulia kwa simu: wawili walimwelewa, wa tatu alimwambia usoni kwamba hana haja ya kumsikiliza mtu anayegeuza maneno kila mwezi. Kwenye kundi la familia kaka aliandika sentensi nne tu. Hakunitaja. Aliandika kwamba habari aliyoieneza haikuwa sahihi na anaomba radhi.

Mimi hakunipigia kwa wiki saba. Alipopiga, ilikuwa asubuhi, nikiwa masijala, na nilitoka nje hadi kwenye maegesho ili nimsikie vizuri.

"Nakuja Dodoma Alhamisi kuchukua mbegu," alisema. "Nitafika kwako mchana."

"Karibu kaka. Utalala?"

"Nitalala."

Nilitaka kusema kitu kingine. Nadhani hata yeye. Kisha akasema anahudumia mteja, akakata.